Chungu cha Kupokelea: Jinsi Mashine ya Akiba Inavyoshika Habari za Intaneti

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanafunzi wa zamani, walimu na wanafunzi katika mkutano wetu, Ivuna)



Kwanza nashukuru kwa heshima hii. Sikuwa mwanafunzi hodari, na walimu wangu waliopo hapa ni mashahidi. Kamati imenipa kazi mbili. Ya kwanza ni kueleza kwa lugha nyepesi jinsi mashine ya akiba ya intaneti inavyofanya kazi, hasa inavyoshika habari katika kumbukumbu yake. Ya pili ni kuunga mkono pendekezo lililo mbele yetu, kwamba michango yetu ya safari hii inunue mashine ya namna hiyo kwa chumba cha kompyuta cha shule. Kazi ya kwanza nitaifanya kwa furaha. Kuhusu ya pili naomba mnivumilie hadi mwisho, kwa maana sikuja na jibu lililotarajiwa.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale, Brian Fagan na John Yellen, waliandika mwaka 1968 juu ya uchimbaji walioufanya hapa Ivuna, wakaonyesha kwamba watu walikuwa wakipika chumvi mahali hapa tangu yapata karne ya 13. Bibi yangu naye aliipika. Udongo wa chumvi uliwekwa katika chombo chenye matundu, maji yakamiminwa juu, na chini kukawa na chungu cha kupokelea. Maji ya chumvi yalidondoka tone kwa tone. Chungu kilipojaa, ndipo maji yalipopelekwa motoni.

Nikiwa mtoto nilimwuliza bibi kwa nini asiweke chungu cha motoni moja kwa moja chini ya matone. Alinijibu kwamba moto una haraka na matone hayana. Ukiwasha moto chini ya matone utamaliza kuni kabla hujapata chumvi. Chungu cha kupokelea kinakaa katikati ili mwenye haraka na asiye na haraka wasichokozane.

Mashine ya akiba nayo hukaa katikati. Upande mmoja zipo kompyuta za wanafunzi, zilizounganishwa kwa waya wa humu ndani ambao ni mwepesi sana. Upande wa pili ipo njia ya kwenda nje, ambayo ni nyembamba na ya kulipia. Wataalamu huiita proksi, yaani wakala. Mwanafunzi hamwendei mwenye habari mwenyewe, bali humtuma wakala, naye wakala akirudi na habari huweka nakala.

Tuchukue mfano wa hapa hapa. Wengi wetu tunakijua Kimondo cha Mbozi kule Ndolezi. Wachache wanakumbuka kwamba tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kingine kilianguka hapa Ivuna. Kilichookotwa kilikuwa gramu 705 tu, hata kilo moja haikutimia. Lakini jina la kijiji chetu limeingia katika vitabu vya sayansi duniani kote: kundi la vimondo vya aina yake linaitwa CI, na hiyo herufi I ni Ivuna. Chombo cha Wajapani kiitwacho Hayabusa2 kilipoleta mchanga wa sayari ndogo Ryugu mwezi Desemba 2020, mchanga ule ulipopimwa ulionekana kufanana sana na vimondo vya kundi letu.

Sasa mwalimu wa fizikia anawaambia wanafunzi 40 wafungue ukurasa unaohusu kimondo hicho. Tuseme ukurasa pamoja na picha zake una kilobaiti 320, na njia yetu ya nje inapitisha kilobiti 256 kwa sekunde, yaani kilobaiti 32. Mwanafunzi mmoja peke yake atangoja sekunde 10. Wanafunzi 40, kila mmoja akichota nakala yake, watahitaji kilobaiti 12,800, na hizo ni sekunde 400, karibu dakika saba. Kila mmoja anavuta kitu kile kile kilichokwisha kupita mlangoni. Wakala akiwepo, ukurasa unaingia mara moja kwa sekunde 10, kisha unagawiwa humu ndani kwa kufumba na kufumbua.

Mpaka hapo ni rahisi. Ugumu uko katika kile chungu cha katikati, na hapo ndipo nilipojifunza kwa machungu. Nitaeleza kwa kufuata programu iitwayo Squid, iliyoanza mwaka 1996 na ambayo nimeitunza kwa miaka mingi.

Ombi linapofika, wakala hutazama kwanza daftari lake kama nakala ipo. Kama haipo, hufungua njia kwa mwenye habari. Jibu haliji kwa mkupuo, huja vipande vipande. Kila kipande hutiwa katika kumbukumbu, ambayo imegawanywa katika vyumba vidogo vya kilobaiti 4 kila kimoja. Kutoka hapo kipande hufanyiwa kazi mbili kwa wakati mmoja: hupelekwa kwa aliyeomba na, kama jibu linaruhusiwa kuhifadhiwa, huandikwa katika diski. Wengine wakiomba kitu hicho hicho wakati jibu limekwisha kuanza kuingia, huunganishwa nalo. Chumba cha kumbukumbu huachwa wazi kipande chake kikishaandikwa na kikishamfikia yule msomaji wa polepole kuliko wote, isipokuwa kama wakala ameamua kukihifadhi palepale kwa sababu kinapendwa.

Vijana, angalieni neno hilo, msomaji wa polepole kuliko wote. Ikiwa mwenye habari anatuma kwa kasi na mpokeaji anapokea kwa kusuasua, vyumba vitajaa. Mnajua kinachotokea Tunduma malori yanapofika kutoka Dar es Salaam kwa wingi kuliko yanavyovushwa kwenda Nakonde. Kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani kufunguliwa mwaka 2019 tuliona foleni zisizo na mwisho. Dawa si kupanua uwanja wa kuegesha peke yake, bali pia kuyazuia malori yasisogee mpaka waliotangulia wapite. Squid hufanya hivyo. Haikubali kusoma mbele ya mpokeaji zaidi ya kiasi kilichowekwa, ambacho kwa kawaida ni kilobaiti 16. Kiasi hicho kikifika, huacha kusoma kutoka kwa mwenye habari, naye mwenye habari hulazimika kupunguza mwendo. Mpokeaji akivuta kidogo, wakala husoma kidogo.

Baada ya safari kumalizika, nakala ndogo zinazopendwa hubaki katika kumbukumbu ili anayefuata asingojee diski. Kwa desturi Squid hutengewa megabaiti 256 kwa kazi hiyo, na kitu kinachozidi kilobaiti 512 hakiruhusiwi kukaa humo. Nafasi ikiisha, kile ambacho hakijaguswa kwa muda mrefu kuliko vyote hutolewa kwanza. Lakini vitu vilivyomo safarini vina haki ya kwanza. Vikihitaji nafasi, vile vya akiba huondolewa, na hata hapo pakiwa hapatoshi, programu huvuka mpaka uliouwekea. Kwa hiyo zile megabaiti 256 si ukuta. Na jambo kubwa zaidi ni hili: kiasi hicho si kumbukumbu yote inayotumiwa na programu. Lile daftari la kujua nini kimo katika diski nalo linakaa katika kumbukumbu. Kila gigabaiti moja ya diski hula yapata megabaiti 10 za kumbukumbu kwa mashine za zamani, na yapata 14 kwa mashine za sasa.

Naomba sasa niwaeleze kwa nini nazijua hesabu hizi kwa moyo.

Mwaka 2008 nilikuwa fundi mkuu wa kompyuta katika chuo kimoja, mbali na hapa. Sitakitaja. Nyaya za chini ya bahari zilikuwa hazijafika kwetu, maana ule wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009. Tulitumia setilaiti. Setilaiti ile ipo juu yapata kilometa 36,000, hivyo swali kwenda na jibu kurudi huchukua karibu nusu sekunde hata kama hakuna foleni, na tulikuwa na zile kilobiti 256 kwa kompyuta 60. Wakala wetu alikuwa ndiye uhai wetu.

Mashine yake ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 512. Nilikuwa kijana, na nilitaka sifa. Nikafikiri kwamba akiba ikiwa kubwa, mwendo utakuwa mkubwa. Jioni moja nikaitengea akiba megabaiti 400, na diski nikaipa gigabaiti 20. Sikumwambia mtu. Fanyeni hesabu, vijana. Daftari la gigabaiti 20 ni megabaiti 200. Ukijumlisha na 400 unapata 600, na mashine nzima ina 512, nayo mifumo mingine haijala chochote.

Kompyuta ikikosa kumbukumbu haisemi kwamba imekosa. Huanza kukopa nafasi katika diski, na diski ni mzito mara maelfu kuliko kumbukumbu. Kila wakala alipotaka kuangalia daftari lake, ukurasa wa daftari ulikuwa umehamishiwa diskini. Chungu cha kupokelea kikawa kizito kuliko matone yenyewe. Siku chache baadaye, akiba ilipokwisha kujaa, ikafika siku ya mwisho ya wanachuo kutuma fomu zao. Mtandao ukawa mzito kuliko kama kusingekuwa na wakala kabisa. Wengine walikaa kutwa nzima wakiangalia kioo cheupe.

Mkuu wa chuo aliniita akauliza kuna nini. Nilikuwa na msaidizi, kijana mpole wa mkataba, ambaye siku ile ndiye aliyekuwa zamu. Nikasema labda kuna mtu aliyegusagusa mashine. Sikutaja jina. Halikuhitaji kutajwa. Mkataba wake ulikuwa unakwisha mwezi ule, na haukuongezwa.

Usiku ule ule nilikaa mbele ya mashine nikaona taa ya diski inawaka bila kupumzika. Nikaelewa. Nikarudisha akiba kwenye megabaiti 128, nikapunguza diski hadi gigabaiti 8, na asubuhi mtandao ukaenda kama maji. Nilipongezwa. Ndugu zangu, nilipokea pongezi zile.

Mwaka 2013 nilimtafuta yule kijana nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, “Kaka, mashine ilipona usiku ule ule. Mimi nilikaa miaka miwili bila kazi.” Hakusema zaidi, nami sikuwa na la kumjibu. Nimelisema hapa kwa sababu wamo vijana humu watakaokuwa mafundi, na wengine watakuwa wakubwa wa mafundi. Pima kwanza. Kompyuta yoyote ina amri ya kukuonyesha kumbukumbu iliyobaki na inayokopwa. Ingenichukua dakika moja.

Sasa nije kwenye pendekezo la Kamati.

Kila nililoeleza ni kweli, lakini manufaa yake kwa chumba cha shule yamepungua sana. Mwaka 2008 kurasa nyingi zilisafiri wazi, kama kadi ya posta. Wakala aliweza kusoma jina la ukurasa, akaweka nakala, akampa mwingine. Leo karibu kurasa zote husafiri ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri, kwa utaratibu uitwao HTTPS. Wakala wetu atajua tu kwamba mwanafunzi fulani anaongea na seva fulani. Yaliyomo ni maandishi ya siri, na ya mwanafunzi wa kwanza hayafanani na ya wa pili hata kama wote wanasoma juu ya kimondo kile kile. Hakuna cha kuwekea akiba. Atapokea na kupitisha, basi. Chungu kipo, lakini kila tone linalopita ni la mtu mmoja.

Ipo njia ya kuvunja lakiri hizo, kwa kuweka cheti chetu wenyewe katika kila kompyuta ili wakala afungue, asome, afunge tena. Mimi siishauri. Maana yake ni kwamba nywila na barua za walimu na wanafunzi zitapita zikiwa wazi ndani ya sanduku moja. Nimekwisha waambia fundi mmoja alifanya nini na sanduku moja asilosimamiwa.

Lakiri hiyo si hasara. Inamlinda kijana wetu asisomewe mambo yake. Kazi ya kuweka akiba haikufa, imehama tu. Kampuni kubwa huweka nakala za kurasa zao katika seva zilizo karibu na wasomaji, na ndani ya seva hizo kazi ni ile ile ya vyungu vya katikati. Kwa hiyo fedha za wanafunzi wa zamani zisinunue leo kitu ambacho kilikuwa dawa ya juzi. Kama bado kuna kazi ndogo ya wakala, mathalani kwa baadhi ya masasisho ya programu ambayo bado husafiri wazi, Squid hutolewa bure na inaweza kuwekwa katika kompyuta iliyopo.

Badala yake napendekeza tununue maktaba. Nina maana ya kompyuta moja ndogo, isiyokula umeme mwingi, inayoweza kuendeshwa kwa nguvu za jua, ikiwa na hifadhi ya kutosha na programu iitwayo Kiwix, ambayo nayo ni ya bure. Kwa programu hiyo Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha zake huingia katika takriban gigabaiti 100, na ile ya Kiswahili huhitaji nafasi ndogo sana kuliko hiyo. Mitihani iliyopita na maandalio ya walimu wetu yanaweza kuongezwa. Wanafunzi 40 watafungua ukurasa wa kimondo bila kutumia hata senti moja ya intaneti, hata siku ambayo njia ya nje imekatika.

Na wale waliofurahia somo la chungu wasihuzunike. Ndani ya kompyuta ile mwanafunzi wa kwanza akisoma ukurasa, mfumo huusoma kutoka hifadhini na kuubakiza katika kumbukumbu, tena kwa vyumba vile vile vya kilobaiti 4. Wa pili hadi wa 40 hupewa kutoka kumbukumbuni. Kwa hiyo mkinunua kompyuta hiyo, msibane kumbukumbu ili kuongeza diski. Hilo nawaomba kwa sababu mnazozijua.

Jambo la mwisho. Kipande kikubwa cha kimondo cha Ivuna kipo London, katika makumbusho ya Natural History Museum. Mtoto wa Ivuna anayetaka kukisoma hukisoma kwa maneno yaliyoandikwa mbali, na wakati mwingi kwa lugha ya mbali. Wazee wanaojua kupika chumvi bado wapo, na wengine wameketi humu ukumbini. Napendekeza Kidato cha Tatu wapewe kazi ya kuandika kurasa juu ya chumvi yetu na kimondo chetu, kwa Kiswahili, wakiwauliza wazee hawa, na kurasa hizo ziwe za kwanza kuwekwa katika maktaba hiyo. Bibi yangu hayupo tena, na vipimo vyake vya maji na udongo nilikuwa nikivijua nikiwa na miaka tisa. Leo sivijui.

Ndugu Mwenyekiti, naomba Kamati iondoe pendekezo la mashine ya akiba na kuweka mahali pake pendekezo la maktaba, pamoja na mwalimu mmoja wa kuisimamia na mwanafunzi mmoja wa kumsaidia. Na ikitokea hitilafu, kama ambavyo lazima itokee, naomba huyo mwanafunzi asiwe wa kwanza kuulizwa.

Kwa hayo, naomba kutoa hoja.